Mshono Nje

Nguo za mama zilikuwa hazinuki kitu, na hilo ndilo lililoniliza. Si kaburi, si khitma, si pole za watu. Arobaini ilipokwisha tulikaa chumbani kwake Tandika, mie na Shangazi Mwajuma, dada yake baba, tukafungua sanduku ili tugawe nguo za marehemu kama ilivyo ada. Kila niliyoileta puani ilikuwa na harufu ileile ya sabuni ya mche na jua. Basi. Hakuna udi, hakuna asumini, hakuna hata chembe ya marashi. Mwanamke kazaliwa pwani, kaolewa pwani, kazikwa pwani, na sanduku lake linanuka kamba ya kuanikia.

"Wifi yangu alikuwa mtu wa peke yake," shangazi akasema, huku akikung'uta kanga iliyopauka. "Mungu amrehemu."

Nilikuwa najua, au nilidhani najua, kwa nini mama hakuwahi kufukiza udi. Niliamini aliuacha kwa ajili yangu. Nimeishi na imani hiyo tangu utoto, na ilikuwa nzito. Si jambo dogo kuona mama yako kajinyima raha ya kila mwanamke wa kwetu kwa sababu ya pua ya mtoto mmoja.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa mwanangu alikuwa amenipigia simu. Sauti nzuri, adabu tele. "Mama, naomba Jumatatu ufike shuleni tuzungumze kidogo. Kijana hasikii." Nikamwambia nitafika. Nilipokata simu nilipandwa na hasira ya zamani. Neno hilo nalijua tangu sijang'oka meno ya utoto.

Nyie wa rika langu mnalijua pia. Kiswahili chetu kimelibebesha neno moja mizigo ya watu watano. Tunasikia sauti, lakini pia tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia maumivu. Halafu mtoto akishindwa kufuata anachoambiwa, tunasema hasikii. Mie nilikuwa nasikia vyote hivyo kwa mpigo, tangu nafumbua macho hadi nafumba, na bado mtaa mzima ulikubaliana kwamba sisikii.

Upande mmoja wa nyumba yetu palikuwa na mashine ya kusaga, upande wa pili fundi anayegonga mabati ya majiko. Mashine ikiwashwa, wenzangu waliisikia masikioni wakaendelea kucheza rede. Mie niliisikia kwenye meno. Bomba la jirani likidondosha maji niliacha kula, maana tone na tonge havikupatana kinywani mwangu. Mlenda sikuuweza kabisa. Ila adui yangu mkubwa alikuwa sare ya shule: shati jeupe gumu linalonuka duka, lebo yake shingoni kama siafu aliyegoma kutoka, na mshono wa ubavuni unaokwaruza kila nikivuta pumzi. Na Ijumaa, shangazi alipokuja na chetezo chake akapitisha moshi wa udi chumba hadi chumba, nilitapika. Siku moja nilitapika juu ya mkeka ambao mama ndiyo kwanza kaumaliza. Hakunipiga. Alimwambia wifi yake kwamba kuanzia leo chetezo kiishie uani, kisha akaenda kuuosha mkeka.

Mama alikuwa anasuka mikeka. Alikaa nyuma ya nyumba, peke yake, miguu ameinyoosha, vidole vinapishanisha miyaa bila yeye kuvitazama. Hakuwa mtu wa shughuli. Harusi ikitokea mtaani alikwenda mapema, akamenya vitunguu, akaosha masufuria, na ngoma ikianza keshaondoka. Majirani walisema anaringa. Mie nilimwonea fahari, nikadhani labda mama ni binti wa mtu mkubwa na hatakiwi kucheza mbele za watu.

Balaa lenyewe lilikuwa mstarini. Kila asubuhi kabla ya masomo ilipigwa ngoma kubwa ya shule, tukapiga mguu palepale hadi kiranja aseme basi. Ngoma ile ilikuwa inanipiga kifuani. Sitii chumvi. Niliamini kabisa kwamba wote tunapigwa, na nikawa nashangaa wenzangu wanapigwa huku wanacheka. Wakati mwingine nilivumilia, nikauma ulimi. Mara nyingi nilikimbia, nikajificha nyuma ya vyoo, nikarudi darasani mstari ushatawanyika na mwalimu anajua vizuri nilikuwa sipo.

Na kilichokuwa kinaniuma ni kwamba shule niliipenda. Nilijua kusoma kabla ya wenzangu wengi. Herufi zina adabu zake, zinakaa kimya hadi uzisemeshe. Mnipe kitabu, mnikalishe pembeni, sikuwa na haja na mtu.

Karibu na likizo mwalimu mkuu alimwita mama. Nilisimama pembeni nimeshika pindo la kanga yake. "Mama, huyu mtoto hasikii," mwalimu alisema. "Tumemchapa, hasikii. Tumembembeleza, hasikii. Likizo hii mkamtafutie dawa. Shule ikifunguliwa akirudi hivihivi, mtatusamehe, hatutampokea." Baba, ambaye alikuwa utingo wa lori la mikoani na nyumbani kwake alipita kama mgeni, alitoa hukumu hata hajavua viatu: kama shule imenishinda, nipelekwe Kisarawe kwa mama yake, nikafukuze ndege shambani. Hapo hata mie nilielewa. Upande huu shule na mama, upande ule Kisarawe na ndege, na katikati kusikia.

Basi nikaamua kuthibitisha. Kwa akili yangu shida ilikuwa masikio, na masikio yangu yalikuwa mazima. Siku moja tumekaa kwenye chakula, shangazi yupo, nikaona hapa ndipo pake.

"Shangazi, mie nasikia."

"Unasikia nini, wewe?"

"Nasikia bomba la kwa Mama Saidi linadondoka. Nasikia babu wa nyumba ile ya kona anakohoa. Nasikia kule dukani wanasema baba Saidi kahamia Mbagala kwa mke mdogo. Na wewe nakusikia unavyotafuna, kuna jino huku linalia."

Shangazi akaacha kutafuna. Akamgeukia mama taratibu. "Umemsikia mwanao? Haya si maneno ya mtoto. Wifi, huyu ana wenyewe."

Nilifurahi, nikijua wenyewe ni mama na baba.

Jioni ile nikawasikia wanazungumza upande wa pili wa pazia. Shangazi alishusha sauti, kana kwamba mie ni wa kushushiwa sauti. "Kuna mtu wangu Boko, anajua kazi yake. Tumpeleke akapungwe, wifi. Shule inafunguliwa, mnangoja nini? Au unataka mtoto aende Kisarawe?" Nilisikia miyaa imenyamaza mikononi mwa mama.

Mie kupunga nilikuwa nakujua kumoja tu, kupunga upepo. Idd iliyopita baba alikuwepo, akatupeleka ufukweni. Tulikaa tukala mihogo ya kuchoma na upepo ukatupiga hadi tukachoka. Bahari ndiyo kelele pekee kubwa niliyoipenda. Inapiga kelele, lakini ni kelele moja, nayo imezifunika nyingine zote kama blanketi. Kwamba mtu anaweza pia kupungwa pepo, yaani kufukizwa na kupigiwa ngoma hadi mashetani yake yapande yaseme yanataka nini kisha yatoke, hilo hakuna aliyekuwa amenifundisha. Upepo na pepo, kwa mtoto aliye nyuma ya pazia, vina tofauti gani?

Nikaanza maandalizi. Nilitafuta ndoo yangu ndogo nyekundu, nikaiosha. Niliwatangazia watoto wa mtaa mzima kwamba nakwenda Boko kupunga upepo, na wale waliokuwa wananicheka kwa kukimbia ngoma wakaniomba niwaletee makombe. Nilimwahidi kila mtu lake.

"Mama, Boko maji yapo karibu?"

"Yapo."

"Tutakaa hadi jioni?"

"Tutaona, mwanangu."

Aliiangalia ile ndoo, akaniangalia mie, akarudi kwenye mkeka wake. Nafasi ya kunieleza aliipata hapo. Hakunieleza, na nadhani hata yeye alikuwa hajaamua tunakwenda kupunga nini.

Tulifika asubuhi, jua bado changa, mama, shangazi na mie. Uani palikuwa na akina mama wengi, tena watu wema, nisiwasingizie. Walinipa uji, wakaniita mchumba, wakanikalisha kwenye mkeka safi. Ngoma zilikuwa zimelazwa karibu na moto ili ngozi zikaze. Sikuzitilia maanani. Nilidhani kuna harusi ya watu wengine, na sisi tunapita tu.

"Bahari iko wapi?" nikauliza, ndoo mkononi.

Wakacheka, lakini kwa upole. Mganga mwenyewe, mama wa makamo aliyejitanda kanga nyekundu, akanishika kidevu. "Tulia, mwanangu. Bahari itakuja yenyewe."

Nikamwamini. Niligeuka nikakaa naangalia lango, nikingoja bahari iingie.

Badala yake likaja shuka. Nilifunikwa gubigubi, chetezo cha ubani kikasukumwa chini ya shuka hadi magotini kwangu, na ngoma zikaanza zote pamoja. Sina namna nzuri ya kulieleza jambo lile kwa mtu ambaye hajaumbwa hivyo. Moshi uliingia machoni na kooni, ngoma ziliingia kifuani, shuka lilinigusa kila mahali kwa wakati mmoja, na nikawa sijui tena mie naishia wapi na kelele inaanzia wapi. Nilifanya jambo moja tu nililoweza. Nilichukua ndoo nikajivika kichwani, hadi mabegani. Ndani ya ndoo palikuwa afadhali kidogo. Nikapiga kelele humo ndani kwa nguvu zangu zote: "Bahari! Nataka bahari!"

Vigelegele vikalipuka. "Kapanda," nikasikia mtu anasema kwa furaha. "Wa bahari huyo. Hamuioni ndoo? Anataka maji yake." Na kwa kuwa nimepanda, wakakaza. Kadiri nilivyolilia bahari ndivyo walivyozidi kupiga, maana ndiyo kazi yao, na kwa macho yao kazi ilikuwa inakwenda vizuri kabisa.

Halafu ngoma kubwa ikakatika katikati ya pigo.

Niliinua ndoo kidogo, nikachungulia. Shuka lilikuwa limevutwa. Mama alikuwa amesimama, kiganja chake kimelala juu ya ngozi ya ile ngoma kubwa, amekibonyeza kama mtu anayemlaza mtoto. Mpigaji kabaki na mikono hewani. Nimehudhuria ngoma nyingi za kwetu tangu siku ile, kwa shida zangu, na sijaona tena mtu akifanya hivyo.

"Basi," mama akasema. "Mwanangu hana kitu. Anasikia, ndiyo shida yake. Anasikia kuliko sie wote hapa."

"Wifi, ngoma haikatizwi," shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa ya woga wa kweli. "Ukiikatiza watamgeukia. Watakugeukia na wewe."

"Waje."

"Wifi."

"Mtoto kaambiwa anakwenda kupunga upepo. Tunakwenda kupunga upepo."

Akanibeba, mtoto mkubwa wa darasa la kwanza, ndoo kichwani, mbele ya watu wote wale. Hakuna aliyetuzuia. Nilisikia shangazi anaomba radhi kwa niaba yetu hadi sauti yake ikaishia njiani.

Tulikwenda hadi baharini kwa miguu. Alipofika kwenye mchanga akaketi, akanipakata, akavua ushungi wake akaukunja mara mbili, akanifunga nao kichwani uyabane masikio. Tulikaa vile muda mrefu sana. Nililia nikanyamaza, nikalia tena. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa nimemganda, vyote pamoja.

"Haya, nieleze sasa," akasema. "Unasikia nini?"

Nikaanzia kwenye lebo. Nilitegemea aniambie lebo haina meno, kama walivyoniambia wengine. Badala yake akauliza, "Inakuuma au inakuwasha?" Nikasema inawasha, halafu ikishawasha sana inauma. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza ngoma naisikia kifuani au tumboni. Akauliza udi unaanza puani au unaanza kichwani. Akauliza mlenda, akauliza soksi, akauliza kama nikishikwa kwa nguvu ni afadhali kuliko nikiguswa kidogo. Ndiyo, nikasema, kwa nguvu ni afadhali. Akanikaza. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maswali ya aina ile, na kwa utoto wangu nikadhani mama wote wanayajua.

"Shule utakwenda," akasema jua lilipoanza kuunguza. "Na Kisarawe huendi, utakaa na mie. Hayo mengine tutayashona."

Nikadhani anasema fumbo. Kumbe alikuwa anasema kushona. Tuliporudi alilichukua shati langu la shule akalitia majini, akalipiga kwenye jiwe, akalianika, akalitia tena majini, siku baada ya siku, hadi ukali wa duka ukalitoka. Kisha akaitoa lebo, si kwa kuivuta, maana ukiivuta inaacha vijiti vyake. Aliifumua uzi kwa uzi kwa ncha ya sindano. Halafu akafumua mishono yote ya mabegani na ubavuni, akaishona upya kwa mkono, mshono ukatazama nje na upande laini ukalala mwilini mwangu. Ilikuwa kazi safi, ya mkono uliozoea. Sikujiuliza ameizoelea wapi.

Shule ikafunguliwa. Mama akanipeleka, na badala ya kuniacha langoni akaingia na mie hadi mstarini, akasimama nyuma yangu katikati ya watoto, akaniziba masikio kwa viganja vyake. Ngoma ikapigwa. Ilifika, lakini ilifika ikiwa imechoka. Watoto walicheka hadi mstari ukapinda.

Mwalimu mkuu akaja. "Mama, huyu kageuza nguo."

"Hakugeuza, mwalimu. Imeshonwa hivyo."

"Na wewe unafanya nini mstarini?"

"Nasimama na mwanangu."

"Nilishasema, mama. Kama mtoto hasikii..."

"Anasikia mno, mwalimu. Mweke mbali na ngoma, halafu mpe kitabu. Asiposoma, mie mwenyewe nitamtoa."

Mwalimu alimwambia mama aondoke. Akaondoka, na kesho yake akarudi. Keshokutwa akarudi. Alikuja siku ya mvua, kajitanda mfuko wa plastiki juu ya kanga. Kuna watu wanaopigana kwa maneno, na kuna watu kama mama, ambao wanasimama tu mahali hadi ile ardhi inakubali kwamba ni yao. Viganja vyake vilikuwa vigumu kwa miyaa, na havikunuka kitu isipokuwa sabuni. Asubuhi moja mwalimu mkuu, kachoka, akanyoosha fimbo kuelekea kwenye michongoma mwisho kabisa wa uwanja. "Akasimame kule," akasema. "Na wewe mama, tafadhali, kafanye kazi zako."

Nilisimama kwenye michongoma hadi namaliza darasa la saba. Watoto walinipa jina la Mshono Nje. Lilikuwa la kuniumiza, lakini nililichukua likawa langu, maana nilipoitwa mbele kuwasomea wenzangu kitabu, aliyesoma alikuwa Mshono Nje na waliokwama kwenye silabi walikuwa wao.

Baba alikubali mambo yalivyo, kwa kuwa alikuwa njiani siku nyingi kuliko alivyokuwa nyumbani. Shangazi ndiye aliyekasirika kweli. Aliacha kuja, na akikutana na mama msikitini au msibani wanasalimiana kwa sharti la dini tu. Walipatana nilipovunja ungo, kwa kuwa jambo hilo halifanyiki bila shangazi. Siku hiyo walijifungia chumbani wawili, wakatoka macho mekundu, na sikuambiwa kilichozungumzwa.

Mengine niliyajua ukubwani. Daktari aliyempima mwanangu alitumia neno usonji, akanieleza kwamba kwa watoto wengine milango ya fahamu haibani vizuri, vitu vinaingia vingi na vyote vinataka kusikilizwa kwanza. Akaniuliza kama kwenye familia yupo mwingine wa namna hiyo. Nikacheka hadi akaweka kalamu chini. Nilimwambia yupo, unaongea naye. Ikanipitia kabisa kwamba swali lile lilikuwa na jibu jingine.

Hayo yote yalikuwa yananipita kichwani siku ile ya sanduku, huku napeleka nguo puani. Chini ya kanga tulifika kwenye magauni yake. Nililikunjua la kwanza nikadhani limegeuzwa, nikaligeuza. Likawa limegeuka. Nikalirudisha. Mishono yake yote ilikuwa nje, imeshonwa kwa mkono, na shingoni hapakuwa na lebo. Nikachukua la pili. Nikachukua la chini kabisa, la kitambaa cha zamani ambacho siku hizi hakiuzwi. Yote. Maisha yake yote mama alivaa juu ya gauni kanga moja kiunoni na moja mabegani, na kambani kila mtu anaanika nguo kaigeuza ili jua lisile rangi. Nani angeona?

"Shangazi," nikasema. "Haya aliyashona hivi lini?"

"Mbona alikuja nayo," shangazi akasema. "Hayo ya chini ni ya sanduku la harusi. Siku tunampokea tulimfukiza udi kama bibi harusi yeyote, akatapika mbele ya wakwe. Tukasema mimba hiyo. Tukahesabu miezi wee, mtoto hakuna." Akacheka kidogo, kisha akaacha. Alikuwa amelikunja gauni mapajani analilainisha kwa kiganja. "Kwao walishampunga, tena mdogo kuliko wewe. Aliniambia siku ile tulipopatana. Nikamuuliza, na wakatoka? Akanambia, 'Wifi, niliwaambia wametoka, ili ngoma zinyamaze.'"

Nililia tena, na safari hii nilikuwa na hasira pia. Miaka yote ile tumekaa nyumba moja, kila mtu na ndoo yake kichwani. Angeniambia. Angesema tu, na mie hivyo. Lakini nadhani aliyejifunza mdogo vile kusema uongo ili ngoma zinyamaze, haachi kirahisi kunyamaza. Alichoweza ni kuweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma, kwa ajili yangu, kwa sababu kwa ajili yake hakuna aliyekiweka.

Shangazi akauliza magauni yale tumpe nani, maana nani atavaa nguo za kinyume. Nikamwambia nitavaa mie.

Jumatatu nilivaa lile la chini kabisa, bila kanga juu yake. Nilipita mtaani mishono nje, na mnajua wenyewe watu wakikuona umegeuza nguo wanadhani ama umechanganyikiwa ama umetoka fumanizini. Halikuniwasha popote. Mwanangu nilimshika mkono, kwa nguvu, anavyopenda. Mwalimu wake alitukaribisha vizuri, akanipa kiti, akafungua mdomo aanze habari ya kijana asiyesikia, kisha macho yake yakashuka begani kwangu.

"Samahani, mama," akasema kwa sauti ya chini, mtoto wa watu mwenye adabu zake. "Naona umevaa gauni kinyume."

"Najua, mwalimu," nikamwambia, nikavuta kiti karibu. "Tuanzie hapo."